Miaka 40 ya Kuchunga

Soma Kutoka 2:11–15 na Matendo 7:20–30. Musa alipungukiwa na nini alipojaribu kwa mara ya kwanza kuwaokoa ndugu zake?

Hakupungukiwa na elimu. Stefano anashuhudia jinsi alivyosomeshwa Misri. Wala hakupungukiwa na umri, maana alikuwa ametimiza miaka 40. Hata wito wake ulikuwa wa kweli. Lakini siku moja tu ilitosha kumfanya muuaji, na iliyofuata ikamwonyesha kuwa siri imefichuka. Alitaka kuingia katika kazi mpya akiwa na tabia aliyoizoea katika jumba la Farao: kuamuru na kupiga.

Ikapita miaka mingine 40 huko Midiani. Kundi alilochunga halikuwa lake, lilikuwa la Yethro mkwewe (Kut. 3:1). Kondoo hawajui cheo cha mtu. Hutafutiwa maji, husubiriwa, na aliyepotea hufuatwa. Upole unaotajwa katika Hesabu 12:3 hauonekani popote katika habari za Musa wa Misri. Tena mlima Horebu, alikofika na kondoo, ndiko alikokuja kulifikisha taifa zima.

Basi, je, mwalimu anayetaka kuacha chaki awe mwinjilisti wa vitabu anaonyesha uhaba wa imani akitumia mwaka mzima, na sehemu ya mshahara wake, kujifunza kwanza? Wako watakaomtajia Elisha, aliyechinja ng'ombe na kuipikia nyama kwa miti ya jembe lake (1 Fal. 19:19–21). Ni kweli, alijifungia njia ya kurudi. Lakini hakuwa nabii mashuhuri kesho yake, alijulikana kwanza kama mtu aliyemmiminia Eliya maji mikononi (2 Fal. 3:11). Kujifunza kwake kulikuja baada ya kuacha, ila kulikuja. Naye mwenye mke na watoto asisahau mjenzi wa mnara katika Luka 14:28–30, kwa sababu gharama ya hesabu mbovu hailipwi na yeye peke yake. Ada ya shule ya mtoto haingoji.

Jambo moja halihitaji kungoja cheti. Mwajiri akimlazimisha mtu kuvunja Sabato, utii huja kwanza, na maandalizi yatafanyika njiani, pengine kwa njaa. Hapo ndipo kanisa linapaswa kuwa karibu kwa unga na nauli, si kwa maombi tu.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Musa mwenye miaka 80, aliyekwisha kufundishwa jangwani, bado alitoa udhuru wa ulimi mzito hata hasira ya Bwana ikawaka (Kut. 4:10–14). Maandalizi yanaweza kugeuka maficho.

Jadilini darasani: Mtu atatambuaje kwamba bado anajifunza, au kwamba sasa anaogopa tu? Ni nani katika kanisa lenu mwenye haki ya kumwambia?