Bima Hailipi Amana

Mwaka jana, wakati wa likizo, nilifanya kazi katika duka dogo la kuchapa na kutoa nakala hapa Kampala. Watu walituletea vitambulisho, vyeti vya shule na barua za kuomba kazi, nasi tuliviskani na kuvihifadhi kwenye kompyuta. Asubuhi moja tulikuta mafaili yote yamefungwa, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai pesa. Mwenye duka hakushtuka sana. "Tuna bima," alisema.

Bima ile ilitaja moto, wizi na mteja atakayeteleza akaumia dukani. Kama kompyuta ingeibwa, tungelipwa. Lakini kompyuta ilikuwa palepale mezani, nzima. Kilichopotea hakishikiki kwa mkono, na mkataba haukukitaja.

Pengo hili halipo kwa maduka madogo tu. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika mtandao wa michezo wa Sony, wakafikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77. Wateja waliposhtaki, Sony ilitaka bima yake ya dhima igharimie kesi hizo, kwa kuwa ilihusu pia kutangazwa kwa mambo ya faragha ya watu. Mwaka 2014 jaji mmoja wa New York aliamua kwamba kampuni za bima hazikulazimika: aliyezitoa taarifa ni mdukuzi, si Sony.

Je, hiyo ni haki? Kampuni ya bima hulipa ilichoahidi kwa ada iliyopokea. Siwezi kuilaumu kwa kusoma mkataba wake. Tena mwenye duka naye ameibiwa, hakumtuma mwizi. Basi hasara inamwangukia nani? Inamwangukia yule ambaye hakusaini mkataba wowote, aliyekuja tu kutoa nakala ya kitambulisho.

Jirani akikuachia mbuzi wake, kisha mwizi akavunja zizi, wewe si mwizi. Hata hivyo utakwenda kumwambia, na utajibu kama mlango ulikuwa umefungwa. Bima inaweza kubeba gharama. Haiwezi kubeba wajibu huo. Na mbuzi hununuliwa mwingine, lakini siri iliyokwisha kujulikana hairudishwi kwa fedha.

Kwa hiyo naona wajibu unatangulia bima: tusikusanye tusichohitaji, tuweke nakala za akiba mahali pengine, na yakitokea, tuseme. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data na faragha inataka mamlaka ijulishwe mara moja. Kusema hakuhitaji bima.

Sisi hatukusema. Siku ya pili alikuja dada mmoja kuchukua nakala za cheti chake, kesho yake alikuwa na usaili wa kazi. Nilimwambia, "Mashine imeharibika, dada, utusamehe." Alishukuru, akaondoka. Mpaka leo hajui kwamba huenda kitambulisho chake kiko mikononi mwa mtu mwingine. Uongo ule sikuambiwa na mkataba wowote niuseme. Niliusema mwenyewe.