Asili ya chakula iko wapi?

Wazee wetu walisema: mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo tunalikubali. Lakini asili ya chakula iko wapi? Iko ndani ya majani na samaki wenyewe, ao iko ndani ya namna ya kuvitafuta, kuvipika na kuvigawanya? Ulizo hilo linasumbua jamaa zetu wengi wanaoishi ugenini.

Tuangalie wale wa Bruxelles. Pale kuna mtaa unaoitwa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Mu magazini za pale wanapata sombe iliyotwangwa na kugandishwa, samaki ya kukauka na chikwange. Vitu hivyo vimetoka mbali, na bei yake ni kali. Tena, kila siku ya Mungu asubuhi, soko kubwa inatandikwa karibu na gare ya Midi: spinashi, nyanya, vitunguu, viazi. Ikikaribia saa saba, wakati wa kufunga, wauzaji wanashusha bei. Mama wa nyumba anahesabu feza yake: anunue kifuko kidogo cha sombe, ao ajaze kikapo?

Akichagua spinashi, na bugali akaisonga na semule ya ngano, kuna wanaomulaumu: "Huyu amesha kuwa muzungu."

Sisi tunaona lawama hiyo haina msingi. Muhogo na mahindi, tunavyoviita chakula cha babu, vilitoka Amerika. Wareno walivileta ku pwani zetu toka karne ya 16. Hata sambaza, furaha ya watu wa Bukavu na Goma, hawakuwa mu Ziwa Kivu zamani: walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa mule mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee walipokea wageni hao, wakawalisha watoto, wala hawakuwa watumwa.

Kinachotuogopesha ni kingine. Kwetu, pale Kadutu ao soko ya Kenya kule Lubumbashi, hatununui na kuondoka tu. Tunasalimia, tunauliza habari ya watoto, tunapatana bei, na mwisho tunaomba: "Mama, uniongeze kidogo." Nyongeza hiyo, ile watu wa Kinshasa wanaita mbakisa, inaonyesha kama muuzaji ameona mtu, hakuona feza tu. Mtoto anayekomalia mu magazini kubwa za ugenini, pale bei imebandikwa na unalipa bila salamu, anaweza kula sombe kila siku na jambo hilo asilijue.

Ni kweli pia kama jina linakufa pale kitu kinakosekana. Kwa hiyo sombe isikosekane siku ya sikukuu ao siku ya mgeni. Lakini siku zingine, feza iliyobaki inaweza kusomesha mtoto wa ndugu huku nyumbani. Kulea wa ndugu nako ni asili yetu.

Basi, ndugu zetu walio ugenini waende soko pamoja na watoto. Wawafundishe kusalimia muuzaji, akiwa Mumaroka ao Mubeleji, kubeba kikapo cha mama, na kuweka sahani ya mtu asiyealikwa. Na sisi tuliobaki, tukiongea nao ku telefone, tusiharakishe kuuliza: "Munakula nini?" Tuulize kwanza: "Munakula na nani?"