Deni la Nyumbani na Haki ya Jirani

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani kwa urahisi. Ya kwanza yasema: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Ya pili yasema: "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Ile ya kwanza hutukumbusha kwamba siku ya dhiki mtu hubaki na nduguze, na kwa hiyo hao ndio wanaostahili kutunzwa kwanza. Hii ya pili hutuonya tusingoje kushiba ndipo tumkumbuke mwenye njaa. Mtu mmoja aweza kuishi na methali zote mbili, leo akaifuata hii na kesho ile, wala asiulizwe. Lakini taifa, ambalo mali yake ni ya wote, halina budi kueleza kwa nini limeifuata moja na kuiacha nyingine.

Swali hili si la vitabuni. Mwezi wa Machi 2023 hauko mbali nasi, pale kimbunga kilichoitwa Freddy kilipoipiga Malawi ya kusini, hasa Blantyre na wilaya za jirani, na watu zaidi ya 600 wakapoteza maisha. Tanzania ilipeleka unga wa mahindi, mahema na mablanketi, pamoja na helikopta za jeshi. Haukupita mwaka. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilimomonyoa sehemu ya Mlima Hanang, katika Mkoa wa Manyara. Tope, mawe na magogo yakateremka hadi Katesh na vijiji vya jirani, yakafukia nyumba pamoja na watu wake. Waliokufa walizidi 80. Tumfikirie basi mama aliyesimama mahali palipokuwa na mlango wa nyumba yake, akauliza: "Ule unga uliovuka mpaka, je, haukuwa akiba yetu sisi?" Hatuna haki ya kumjibu mama huyo kwa kumwambia tu kwamba ukarimu ni sifa njema. Anastahili kujibiwa kwa hoja.

Na tukubali mara moja kwamba hoja yake ina nguvu. Mkuu wa kaya anapochota debe la mahindi ghalani mwake akampa jirani, hupunguza chakula chake mwenyewe, na sifa ni yake. Serikali haina shamba. Kila gunia lililomo katika ghala la taifa limetokana na jasho na kodi za watu. Anayetoa, kwa hakika, ni mkulima wa Rukwa, mvuvi wa Mafia na mwalimu wa Tabora. Serikali ni mkono wao tu. Zaidi ya hayo, serikali inapompelekea hema raia wake aliyebomokewa na nyumba, haimfanyii hisani. Inamlipa deni, kwa kuwa naye alitoa kodi na kutii sheria akitumaini kwamba siku ya maafa hataachwa peke yake. Basi kinachokwenda kwa jirani ni msaada. Kinachobaki nyumbani ni deni. Na mwungwana hulipa deni kabla ya kutoa zawadi.

Lau hoja ingeishia hapo, tungefunga milango yetu na kulala. Lakini haiishii hapo.

Tuitazame historia yetu. Kuanzia mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Katika miaka ya 1973 hadi 1975 ukame uliikumba nchi yetu, na serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Miaka hiyo hiyo wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa na kambi yao Nachingwea. Ingalikuwa rahisi kuwaambia: ngojeni mpaka mvua zinyeshe. Hawakuambiwa hivyo, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Kuna shida zisizoweza kungoja jirani ashibe. Utumwa ni mojawapo, na mafuriko ni nyingine. Vivyo hivyo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, hapakuwa na nafasi ya kwanza kuhesabu magunia.

Wako wanaodhani kwamba wajibu wa namna hii ni fikra ya kigeni. La hasha. Tuuangalie utani. Wanyamwezi walipokuwa wakisafiri na misafara kuelekea pwani, walifanya utani na makabila waliyopitia na kuyafikia, wakiwamo Wazaramo. Utani huo haukuwa wa mzaha peke yake. Msiba ulipotokea, mtani ndiye aliyeshika kazi ambazo wafiwa hawakuziweza kwa sababu ya majonzi. Wazee wetu walielewa jambo moja kubwa: mwenye kufiwa hajitoshi, na ndugu zake wa damu wamefiwa pamoja naye. Ndiyo maana akahitajika mtu wa nje ya ukoo, asiyelia, ili ashike jembe.

Mataifa nayo yako hivyo hivyo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba nyingi Bukoba na sehemu nyingine za Mkoa wa Kagera, Kenya ilituletea mabati na mablanketi. Je, Kenya haikuwa na maskini wake? Haikuwa na wafugaji wa kaskazini wanaosumbuliwa na ukame mara kwa mara? Ilikuwa nao. Kama kanuni ingekuwa kwamba kila nchi imalize kwanza shida zote za nyumbani, basi mabati yale yasingalikuja, na wala hakuna bati lolote ambalo lingevuka mpaka wowote mpaka siku ya kiyama, maana hakuna taifa lililokwisha kumaliza shida zake. Kanuni ambayo kila mtu akiifuata kila mtu huangamia haiwezi kuwa kanuni ya haki.

Tena tuulize kwa makini: ni nini hasa kilichopungua Hanang? Unga usingaliuzuia mlima. Kinachookoa maisha katika balaa la namna hiyo ni kujulikana mapema kwa miteremko ya hatari, ni onyo linalomfikia mtu kabla ya tope, ni mipango ya makazi inayoheshimiwa na viongozi na raia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya kuziba ufa haina sherehe wala picha, na kwa hiyo aghalabu huahirishwa. Anayeitafuta akiba ya maafa iliyopotea asiishie kuchungulia lori linaloelekea mpakani. Achungulie pia magari ya fahari, karamu zisizo na ulazima, na ubadhirifu wa mali ya umma. Jirani aliyezingirwa na maji husingiziwa kwa urahisi, kwa kuwa yuko mbali na hawezi kujitetea.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila msaada ni mwema. Taifa laweza kutoa ili lionekane, kama yule mganga asiyejiganga. Kwa hiyo twapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, tutazame uzito wa haja: uhai wa jirani hutangulia starehe yetu, lakini pale uhai unaposhindana na uhai, wa nyumbani hutangulia, kwa sababu kwake tuna deni. Pili, tutazame ghala: akiba ya maafa ya nyumbani iwekwe kando na isiguswe, kisha msaada utoke katika kile kilichobaki. Tatu, wenye mali waambiwe: kimetoka kiasi gani, kimekwenda wapi, na kwa nini. Vipimo hivi havimalizi kila ugumu. Patakuwa na siku ambapo uhai wa mmoja wetu utapimwa na uhai wa kumi wa jirani, na siku hiyo hakuna kiongozi atakayelala usingizi mwema, lolote aamualo. Lakini siku nyingi si za namna hiyo. Siku nyingi mizani huwa na uhai upande mmoja na fahari upande wa pili.

Sasa twaweza kurudi kwa yule mama wa Katesh. Hatutamwambia kwamba amekosea kuuliza, kwa kuwa mali ni yake na kuuliza ni haki yake. Tutamwambia kwamba unga ule ulikwenda kwa mama mwingine, aliyesimama penye tope kama lake, miezi tisa kabla yake. Na kwamba taifa lingemdhulumu zaidi kama lingemfundisha kumwonea kijicho mwenzake wa Blantyre badala ya kumpa hesabu ya yale aliyodaiwa kufanyiwa kabla mlima haujabomoka.

Walimu na wanafunzi watakaolijadili jambo hili darasani wasiharakishe kuchagua methali moja na kuitupa nyingine. Wazee walituachia zote mbili kwa makusudi. Mzaliwa nawe ana deni lake kwako, nalo halisameheki. Na jirani anayezama ana haki yake, nayo haingoji. Kazi ya utawala bora ni kuweka akiba mapema, ili siku mambo hayo mawili yatakapobisha hodi pamoja, pasiwe na mmoja wa kufukuzwa mlangoni.