Panya wa Maabara na Pafu la Mchimbaji



Ndugu Waislamu, hapa Kolwezi vumbi tunalijua sote. Mwenye kutoboa mwamba bila maji huvuta chembe za silika, zikafika chini kabisa ya mapafu, na mwili unapopambana nazo hujenga kovu. Dawa ya kuliondoa kovu hilo haijapatikana. Zile mbili zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2014, pirfenidoni na nintedanibu, zilikusudiwa makovu ya mapafu ya namna nyingine, na hata hayo huyachelewesha tu.

Basi watafiti wanatafuta. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza kwamba homoni ya tezi ya shingoni, pamoja na dawa inayoiga homoni hiyo, sobetiromu, zilipunguza makovu katika mapafu ya panya. Lakini panya hao hawakuokotwa wagonjwa. Walitiwa ugonjwa kwa makusudi. Njia iliyozoeleka ni kuwaingizia bleomisini, dawa ya saratani yenye kudhuru mapafu, mpaka kovu liote. Kisha huuawa ili pafu lipimwe.

Je, yafaa? Wapo wasemao mnyama ameumbwa kwa manufaa yetu, shauri limekwisha. Halikwisha. Mtume (s.a.w.) alikataza kiumbe hai kufanywa shabaha, na akaamrisha kisu kinolewe ili mnyama anayechinjwa asiteseke. Ikiwa hata nyama ya halali ina mpaka wa maumivu, maabara nayo ina mpaka. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kwamba mtafiti atumie njia nyingine iwezekanapo, apunguze idadi ya wanyama, apunguze na maumivu yao. Vizuri, ingawa habari ya kisu tulikwisha kuisikia zamani.

Mimi naona inajuzu pale penye haja ya kweli. Na hapo ndipo penye uzito. Kovu la bleomisini kwa panya huweza kupungua lenyewe baada ya wiki kadhaa; la mchimbaji halipungui. Kwa hiyo dawa iliyomfaa panya yaweza kumshinda mtu, na mateso yale yakawa bure.

Tena ugonjwa huu wa vumbi huzuilika. Maji kwenye mashine ya kutobolea, hewa ipite, pua ifunikwe vizuri: hayo yanajulikana bila kumuumiza panya hata mmoja. Shirika la Kazi Duniani na lile la Afya yalianzisha mwaka 1995 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030. Na vumbi letu halina silika peke yake. Mtaani Kasulo, ambako mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao, utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kobalti nyingi katika mikojo ya wakazi, hasa watoto.

Haja ya dawa ipo kwa yule ambaye pafu lake limekwisha kuharibika. Lakini mwenye shimo anayeacha mwamba utobolewe mkavu, kisha akasema dawa itapatikana, amemdhulumu mchimbaji, na panya pia. Swali la panya na aanze kuulizwa yeye, kabla ya mtafiti wa Yale.