Nafsi Inapojisemesha: Tajiri wa Injili na Mshairi wa Al-Inkishafi

Maonyo ya Biblia kuhusu mali aghalabu husomwa kama hukumu juu ya utajiri wenyewe. Tunadai hapa kuwa usomaji huo una kasoro, na kwamba huweza kumdhulumu maskini: humtaka aridhike na ukata wake, huku mwenye nacho akibaki na ghala lake.

Tuutazame mfano wa tajiri mpumbavu katika Luka 12. Chanzo chake ni ugomvi wa urithi: mtu anamwomba Yesu amwamuru nduguye agawane naye. Ndipo anaposimuliwa tajiri ambaye shamba lake limezaa sana. Hatuambiwi kuwa aliiba wala kumpunja mtu. Amekosa wapi, basi? Jibu limo katika umbo la usemi wake. Tajiri huyu hana msikilizaji. Anajiuliza na kujijibu. Kimilikishi cha nafsi ya kwanza kinamwandama: mazao ni yake, ghala ni zake, hata nafsi anaisemesha kana kwamba ni akiba yake. Waliolima na kuvuna hawatajwi. Usiku uo huo nafsi inatakwa, naye anaachiwa swali: vyote hivyo vitakuwa vya nani? Swali hilo linawarejesha watu aliowasahau.

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye anazungumza na moyo wake. Hata hivyo, tajiri huisemesha nafsi ili kuituliza. Mshairi huusemesha moyo ili kuuhoji, akiuonyesha majumba ya Pate yaliyojaa taa na wageni, ambayo vidaka vyake vimekuwa makao ya ndege. Kujisemesha, kwa hiyo, si kiburi. Kiburi ni kuikinga nafsi isiulizwe.

Je, huku si kulaani kujitegemea? La. Kumbukumbu la Torati 8 haikatazi kujenga nyumba nzuri wala kuzidisha mifugo. Inamwonya Mwisraeli asidai kuwa mkono wake ndio uliompa yote, akasahau utumwa alikotolewa. Azimio la Arusha la 1967 nalo liliuambatanisha ujamaa na kujitegemea, wala halikukiacha kimoja kisimame peke yake.

Lawama, basi, haimwangukii anayejitegemea, bali asiyewakumbuka anaowategemea. Anayewahubiria mfano huu maskini pekee ameugeuza: swali lake la mwisho aliulizwa mwenye ghala.