Kisima cha Mama na Kalamu ya Mhandisi

Ndugu msomaji, afapo mzazi, baada ya maziko huulizana: khitma itakuwa lini, ng'ombe wangapi, mchele magunia mangapi? Ni mara chache kuuliza: sufuria zikisha kuoshwa, marehemu atafikiwa na nini mwaka wa kumi? Natutazame swali hili pamoja.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali ya mwanadamu hukatika afapo, ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amuombeaye. Sahaba Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake aliuliza kama sadaka itamfaa mamake. Akajibiwa kuwa itamfaa, naye akatoa shamba lake. Imepokewa pia kwamba alimchimbia kisima. Basi kifikiri kisima hicho. Nia njema peke yake haitoi maji. Yataka mtu ajuaye kuchimba na kujenga kuta zisiporomoke. Ikiwa kisima ni sadaka, je, kumsomesha atakayejenga visima mia si sadaka?

Nenda nami hadi Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mbali na pwani yetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda kiasi cha laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kwa muda kama wa siku moja, wakaingia Ngara. Huruma ilikuwapo, lakini huruma haivuti maji. Yalihitajiwa matangi, pampu, mabomba na vyoo, na mashirika ya ng'ambo yakaleta wahandisi wao. Leo hapo hapo Rusumo mto Kagera wazalisha umeme, megawati 80, wa kugawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Je, mtoto wa Ngara atakuwa bawabu wa mitambo hiyo tu, au naye ataijua, aitengeneze, na asanifu mingine? Kwa mtoto wa maskini, jibu mara nyingi ni karo, nauli, vitabu na vyombo vya kuchorea.

Utasema: "Huko si kwetu, na huyo kijana pengine si Mwislamu." Ni kweli, haki ya jamaa hutangulia. Lakini soma kisa cha Nabii Musa na mja mwema katika Suratul Kahf. Waliingia mji uliowanyima chakula, na juu ya hayo yule mja akausimamisha ukuta uliotaka kuanguka, bila ujira. Ulikuwa wa mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema. Wema wa baba uliwafikia watoto kwa kazi ya ujenzi, katika mji wa wageni. Basi na watoto wampelekee baba wema kwa njia iyo hiyo.

Nasi wa pwani tumekwisha kufaidika na ukarimu wa namna hii. Chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa kilisimama kwa michango ya watu kama Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja na Aga Khan, vijana wa Afrika ya Mashariki wajifunze ufundi. Chuo hicho kilikua, na tangu 2013 ni chuo kikuu.

Ila kuna mpango. Kwanza hulipwa madeni ya marehemu, kisha wasia, kisha warithi hupewa haki zao. Sadaka haitoki katika fungu la yatima, wala haifai kukopwa, kama isivyofaa kukopa kwa khitma. Dua haina gharama, usiiache. Wala kijana asifanywe ubao wa kutangazia jina la ukoo, maana sadaka yenye masimango hubatilika.

Na mkumbushe amana. Mhandisi apunguzaye nondo na simenti ana elimu, lakini si elimu yenye kunufaisha. Daraja lake litaua. Kwa hiyo usitoe fedha ukageuza uso: muulize khabari zake, mnasihi, mwombe naye amuombee mzazi wako.

Ndugu zangu, wana watano wakichanga kidogo kidogo kila mwezi wataweza kumfikisha kijana mmoja. Mzazi aliyewabeba nyote hakosi kustahiki hilo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, na atuwafikishe. Amin.