Haki ya Kukataa

Nilipojipangusa ndani ya shavu kwa vijiti vya pamba na kuvirudisha kwenye rejista ya wachangiaji uboho, hapa London, sikudhani nimeahidi chochote. Mate tu yale.

Miaka miwili baadaye wakanipigia. Kuna mgonjwa, seli zangu zinamfaa. Nitachomwa sindano siku nne, kisha nikae saa nne au tano kwenye mashine ya kuchuja seli shina kutoka kwenye damu. Ila siku chache kabla, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake, ili seli zangu zipate pa kukaa. Nikijitoa baada ya hapo, huenda akafa. Haki ya kujitoa ninayo hata siku hiyo, muuguzi akasema.

Haki hiyo ilinisumbua kuliko sindano.

Shirley Nolan alianzisha rejista mwaka 1974 akimtafutia mwanawe Anthony mchangiaji. Mtoto alifariki mwaka 1979, hajapatikana. Hakuna wa kumlaumu, maana hakuna aliyemkataa. Mimi naweza kumkataa mtu, kwa sababu tu nilijiandikisha. Binamu yangu, ambaye hakujiandikisha, halali macho wazi. Wema mdogo wa dakika mbili umeniletea deni asilokuwa nalo yeye; na sisi wenye asili ya Afrika ni wachache mno kwenye rejista hizi.

Nilimwambia hivyo tukienda hospitali kuchomwa sindano ya kwanza.

"Mimi sikuahidi kitu," akasema, akanibebea begi.